Kutoa mwani wa nywele kwenye tangi la matumbawe

Mwezi uliopita nilikuwa Nyali kwa shemeji yangu, tangi lake la lita 200 mawe yote yameota manyoya ya kijani, matumbawe hata hayafunguki. Ni shida ile ile iliyonitesa mimi miezi minne, basi naandika tulivyofanya.

Hatua ya 1: jua ni mwani gani. Vuta kwa vidole. Nyuzi za kijani zinazogoma kung'oka, endelea kusoma. Utando mwekundu unaobanduka kama kitambaa ni sianobakteria, na ute wa kahawia wenye mapovu unaopungua usiku na kurudi mchana huenda ni dino (dinoflajeleti, viumbe vidogo sana), hao wawili wana tiba yao, usifuate hii.

Hatua ya 2: maji. Ya RO/DI tu (yaliyochujwa mpaka yabaki maji matupu), TDS 0, yaani kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri, ya kuchanganya chumvi na ya kujazia pia. Shemeji alikuwa anajazia maji ya kisima kila siku, na maji yakikauka fosfeti na naitreti, virutubisho vinavyolisha mwani, hazikauki nayo, zinabaki mle mle zinajazana.

Hatua ya 3: ng'oa kwa mkono. Zima pampu, shika mswaki mgumu mkono mmoja na mpira wa kunyonyea mkono wa pili, mdomo wa mpira uwe pale pale unaposugua ili vipande viingie ndooni kabla havijasambaa. Jiwe linalotoka litoe ulisugue kwenye ndoo ya maji ya tangi, siyo ya bomba, utaua bakteria.

Hatua ya 4: fosfeti. Hapa ndipo nilipopoteza miezi yangu kwa hiyo soma taratibu. Mimi nilipima nikapata 0, nikasema basi fosfeti siyo tatizo, kumbe mwani ukishakuwa mwingi unaila yote kabla hujaipima, kwa hiyo usiamini sifuri kama mawe bado ni ya kijani. Ng'oa kwanza, subiri siku tatu, ndiyo upime, na tafadhali tumia kipimo cha kidijitali, ile ya kulinganisha rangi kwa macho huwezi kutofautisha 0.05 na 0.15 (miligramu kwa lita, namba zote humu ni hivyo). Nilipong'oa ikasoma 0.4. Nikamwaga chembe za chuma za kunyonya fosfeti kipimo kizima cha kwenye pakiti, siku mbili ikashuka mpaka 0, na akropora zangu (aina ya matumbawe magumu) zikaanza kuachia nyama kuanzia chini, nimepoteza tatu nilizozilea tangu vipande vya kidole, halafu dino wakaingia kwa sababu wanapenda sana tangi lisilo na virutubisho. Kwa hiyo anza na robo ya kipimo. Zioshe kwanza kwa maji ya RO mpaka vumbi jekundu liishe, zikiwa kwenye riakta (kopo ambalo pampu inapitishia maji kwenye chembe) mtiririko uzitikise juu kidogo tu, zisichemke. Ukiona imeshuka halafu baada ya siku mbili imepanda tena usiongeze dozi kwa hasira, ni mawe yanatema fosfeti yaliyoinyonya miezi yote, na yatatema kwa wiki nyingi. Lengo ni 0.03 hadi 0.1, naitreti 5 hadi 10. Sifuri siyo lengo.

Hatua ya 5: konokono, Trochus au Turbo, kumi hivi kwa lita 200. Waingie baada ya kung'oa, maana mwani ukisharefuka hawaugusi, wanautaka ukiwa mfupi.

Hatua ya 6: taa saa 8 kwa siku. Kuzima siku tatu nzima mi sipendi, mwani unapauka lakini fosfeti iko pale pale, na ukifa unaoza humo humo.

Kwa shemeji fosfeti tulianza na 0.32, Jumapili hii imesoma 0.17. Anang'oa kila wiki, ndoo ya kwanza ilijaa nusu, ya juzi haikufika ngumi moja, na jiwe la mbele limeanza kuota madoa ya zambarau ya koralini (mwani mgumu mzuri unaofunika mawe) pale manyoya yalipokuwa.