Nzi wa maembe: mmalizie chini ya mti kwa fangasi

Wenye miembe, tuelewane kabla hujashika pampu. Huyu nzi wa matunda wa kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya mara ya kwanza 2003, na ndiye aliyechangia sana tukasimamisha wenyewe kupeleka maembe Ulaya kuanzia 2014 mpaka 2021. Bado watu wanapiga dawa juu tu. Lakini funza akishashiba anatoka kwenye embe, anajichimbia kwenye udongo sentimita chache hivi, anageuka pupa, yaani anajifunga kwenye ganda kabla ya kutoka akiwa nzi. Hapo ndo pa kumshikia.

Hatua ya 1: okota maembe yote yaliyoanguka, yazike shimo la zaidi ya nusu mita. Ukiruka hii, usisumbuke na zingine.

Hatua ya 2: tafuta Metarhizium anisopliae, fangasi inayoua wadudu, aina ya ICIPE 69, imetokana na utafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi. Soma tarehe ya kuisha, uliza ilikuwa inawekwa wapi, manake hii ni kitu hai na pakiti iliyokaa dirishani inachomwa na jua mimi siichukui hata kwa bei ya bure.

Hatua ya 3: osha pampu mpaka ikubali, hasa kama ilibeba mancozeb au kopa, maana dawa ya ukungu itaua fangasi yako pia. Ngoja jioni, jua kali linaua spora, yaani mbegu za fangasi. Udongo ukiwa mkavu mwagia maji kwanza, afu nyunyizia chini ya mti wote mpaka pale matawi yanapoishia, kipimo ni cha lebo, si cha jirani, halafu pitisha reki juu juu.

Hatua ya 4: tulia. Hii si sumu ya kuangusha mdudu papo hapo, spora inashika ngozi yake, inaota, inapenya, inamla kwa ndani, inachukua siku kadhaa. Ukitaka ushahidi fukua pupa kidogo, weka kwenye kopo na udongo ule ule, funika na kitambaa. Nzi watakaotoka na kufa walaze kwenye tishu yenye unyevu: utaona utando mweupe kwenye viungio vya miguu, baadaye unga wa kijani. Kijani ndo yako. Ukungu mweusi ni wa kuoza tu.

Juu ya mti ning'iniza mtego wa methili yujenoli (kivutio cha harufu) kwa madume, na chambo cha protini kwa majike, kwa sababu fangasi ya chini haimgusi nzi anayeruka kutoka shamba la jirani asiyeokota maembe yake.