Ukienda kununua steshenwagoni, anza nyuma

Mimi nimeshamiliki steshenwagoni tatu mpaka leo, zile gari za paa refu lililofika mpaka nyuma, na kabla ya hizo nimekulia ndani ya nyingine, Peugeot 504 ya mzee, ile ndefu ya siti mistari mitatu, sisi wadogo tulipangwa mstari wa mwisho kabisa na mabegi yametubana mgongoni, ukigeuka unaona barabara inakimbia nyuma kwenye kioo na vumbi lake. Yaani hizi gari nimezipenda kabla sijajua kuendesha. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue gari gani ya familia, jibu langu linajulikana. Swali zito ni la pili, naikaguaje, na hapo ndipo wengi wanapigwa kwa sababu wanaikagua kama saluni, ile gari ya kawaida yenye buti iliyojitenga nyuma. Wanafungua boneti, wanasikiliza injini, wanaangalia rangi, wanazunguka nayo kidogo, wanalipa.

Hapana. Steshenwagoni inakaguliwa kutoka nyuma kwenda mbele. Injini na gia boksi kwa kawaida ni zilezile za saluni ndugu yake, fundi wako anazijua. Kilichoifanya iwe steshenwagoni ni ile nyumba ya nyuma, mlango mkubwa, paa refu, siti zinazolala, springi za kubebea, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mwenye gari wa kwanza amevitumia mpaka vikachoka. Hizi gari zilizaliwa kwa ajili ya kubeba tangu zamani, hata jina limetokana na stesheni za treni kule Marekani, gari hizi zilikuwa zinapokea abiria hapo na masanduku yao, na bodi za mwanzo zilikuwa za mbao, Plymouth Suburban ya 1949 ikawa kati ya zile za mwanzo zenye bodi ya chuma tupu. Basi ukiambiwa hii haijawahi kubeba mzigo, wewe chukulia imebeba halafu kagua.

Nenda mchana, na kama unaweza nenda siku inayofuata baada ya mvua. Beba tochi na futi ya kupimia. Kama kuna kitu kikubwa unachokibeba kila mara, baiskeli, spika, kiti cha magurudumu cha mama, nenda nacho ukijaribishe palepale, maana vipimo vya kwenye karatasi havikuambii kwamba mlango wa nyuma ni mwembamba juu kuliko chini.

Fungua mlango wa nyuma. Ukishapanda uachie, usimame wenyewe. Zile shokapu mbili za gesi zikiisha nguvu mlango unashuka taratibu halafu unakuja wote kichwani kwako ukiwa umeinama na mzigo mikononi. Kubadilisha ni kazi ndogo, ila ukizikuta zimekufa ujue mwenye gari alikuwa anaishi na ubovu bila kushughulika, na ukichimba utakuta na mengine.

Ukiwa hapohapo tazama juu, pale mlango unapokutana na paa, kuna kimpira kama bomba la kukunjamana, nyaya zote za mlango zinapita humo. Kila mlango ukifunguliwa na kufungwa nyaya zinakunjwa na kukunjuliwa, fanya hesabu ya miaka 15. Washa taa, waipa ya nyuma na hita ya kioo, mwambie mwenzako ashushe na kupandisha mlango polepole wewe ukiangalia. Taa ya namba ikipepesa, au waipa ikasita katikati halafu ikaendelea, kuna waya umekatika ndani ya ganda lake. Mimi niliwahi kuuvuta ule mpira nikakuta nyaya tatu zimekatika na ncha zake zimeota ukijani, na mwenye gari alikuwa ameshabadilisha taa mara mbili akidhani ni balbu.

Sasa maji. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo nilipoumia. Steshenwagoni yangu ya pili ilikuwa safi kwa macho, imepigwa polishi, injini kimya, nikaikagua mbele tu. Wiki ya tatu nikaanza kusikia harufu kama ya shuka lililoanikwa ndani kwenye giza. Nikatoa kila kitu, nikainua kapeti, nikainua ubao wa chini, na tairi spea ilikuwa imelala ndani ya maji, maji ya rangi ya chai, jeki imekuwa tope la kutu. Kumbe maji yalikuwa yanaingia nyuma ya taa ya kulia, ule mpira mwembamba unaokaa kati ya taa na bodi ulikuwa umekauka na kupasuka, tone moja moja, kila mvua, sijui miaka mingapi.

Kwa hiyo usione aibu, inua kapeti, inua ubao, toa tairi spea, mulika chini yake, pitisha kidole kwenye kila kona. Kutu ya juu juu inasuguliwa, lakini bati likibonyea ukiligusa, aga uondoke. Kutafuta panapovuja kunahitaji watu wawili, mmoja aingie ndani na tochi mlango ufungwe, mwingine amwagie maji kwa mpira kuanzia chini kwenda juu, kwanza taa, halafu raba ya mlango, halafu kioo, mwisho reli za paa. Ukianza na juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yameanzia wapi. Yangu ilituchukua nusu saa kuliona lile tone likichungulia kwenye skrubu ya taa. Tulitoa taa, tukasafisha, tukaweka mpira mpya, ikakauka mpaka siku naiuza. Na usikubali fundi apake silikoni juu ya taa kwa nje akakwambia imeisha, inatakiwa itolewe.

Springi nazo zina siri yake. Ile 504 ya mzee haikuwa saluni iliyoongezewa paa tu, Peugeot waliirefusha, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma sentimita 290 wakati saluni ina 274, na nyuma wakaweka ekseli nzima yenye springi nne, mbili kila upande. Ndio maana ilikuwa inabeba watu na mizigo na bado imesimama sawa. Unapokagua simama mbali uitazame kwa ubavu ikiwa tupu. Ikiwa imekalia nyuma, springi zimechoka au mtu ameweka za saluni. Mwisho wa siku springi zinabadilishika, zinakushusha bei tu. Ila kuna zingine zinajinyanyua zenyewe zikibebeshwa, kama ile Mercedes steshenwagoni ya kwanza ya kiwandani iliyoingia sokoni 1978, hiyo nyuma inanyanyuliwa na mafuta ya haidroli yenye presha, hapo lazima ukague mabomba na uvujaji na fundi anayeujua mfumo huo, usikisie.

Siti za nyuma lala zote, zinyanyue, lala tena. Ndoano ishike kwa sauti ya kueleweka, na ukiitikisa siti isicheze, kwa sababu siku ya breki ya ghafla ndiyo itakayozuia mzigo usiwafikie watoto. Kisha endesha gari hivyohivyo siti zimelala, barabara mbovu, redio imezimwa. Steshenwagoni ni kama ngoma, kila kilicholegea nyuma kinapiga kelele, na ukizoea unajua hii ni bushi, hii ni ubao wa kapeti.

Mbele kagua kama gari nyingine yoyote, uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini kama inatumia mkanda, angalia maji ya rejeta na oili, sitakaa hapo.

Ukishaichukua, ijulie namna ya kubeba. Kizito kinakaa chini na kinasukumwa mpaka kigonge mgongo wa siti, chepesi ndio kinakaa nyuma. Ukirundika vizito mlangoni kabisa nyuma ya ekseli, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinawapiga wenzako machoni. Upepo wa tairi za nyuma unaongezwa ukijaza, namba ziko kwenye stika ya mlango wa dereva au kifuniko cha tanki, kuna ya tupu na kuna ya mzigo. Paa nalo lina kikomo, gari nyingi ni kati ya kilo 75 na 100, na humo keria yenyewe imeshahesabiwa. Soma kitabu cha gari yako.

Na tafadhali usiendeshe na mlango wa nyuma wazi eti kwa sababu mbao zimezidi. Nyuma ya gari yenye mgongo uliosimama hewa inajizungusha na kurudi ndani, hiyohiyo inayopaka kioo vumbi mpaka wakaweka waipa, na inarudi na moshi wa ekzosi. Ule moshi una gesi inayoua na haina harufu. Kata mbao au rudi mara ya pili.

Watakuambia ununue gari ya juu kama wengine. Mimi napenda kukaa chini na gari inakata kona bila kuyumba. Volvo mwaka 1994 walipeleka 850 steshenwagoni kwenye mashindano ya British Touring Car, ikashindana na saluni msimu mzima, na mwaka huohuo Audi wakatoa RS2 waliyoitengeneza pamoja na Porsche, injini ya silinda tano yenye tabo, nguvu farasi 315, na nyuma bado unaingiza friji. Hata lile Probox la kazi ukilitunza linakupa raha yake.

Ile ya pili niliiuza kwa kijana mmoja anayepiga ngoma kwenye bendi. Wenzake waliotangulia wote walikimbilia boneti. Yeye alizunguka moja kwa moja nyuma, akafungua, akaachia mlango aone kama unasimama, akapiga magoti akainua kapeti na ubao, akaingiza mkono chini ya tairi spea akautoa akauangalia. Ulikuwa mkavu. Nikampunguzia bei kabla hajaniomba.