Kuchapa picha za nyeusi na nyeupe: wino, karatasi na hatua za kazi

Uzuri wa picha ya mlango wa nakshi wa Bagamoyo, au ya kuta za matumbawe za magofu ya Kaole karibu na mji huo, umo katika kivuli kinachoingia ndani ya mchongo, na kivuli hicho ndicho hupotea kwanza wino usipofaa. Printa ya kawaida ya nyumbani hupata kijivu kwa kuchanganya wino wa samawati, majenta na njano, ndiyo maana picha huelekea ukijani au uwaridi, tena ikaonekana sawa chini ya taa na kubadilika inapotolewa juani. Kwa hiyo tafuta printa yenye wino wa kijivu, na kama fedha zinaruhusu, yenye kijivu cha aina mbili, kwa sababu kijivu chepesi huchora mawingu na ngozi bila kuacha chembe nyeusi zinazoonekana.

Chagua wino wa pigmenti. Chembe zake haziyeyuki katika maji, nao hustahimili mwanga na unyevu kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa, jambo ambalo sisi wa pwani hatuwezi kulipuuza. Karatasi isiyong'aa huhitaji wino wake maalumu mweusi, tofauti na ule wa karatasi ya kung'aa. Ukikosea, weusi utafanana na jivu.

Kabla ya kuchapa, punguza mwangaza wa skrini, maana skrini kali humdanganya mtu akaifanya picha kuwa nyeusi kupita kiasi. Picha ya sentimita 20 kwa 30, kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji nukta zipatazo 2,400 kwa 3,500. Chagua aina halisi ya karatasi katika mipangilio ya printa, kisha uchape kwanza ukanda wa ngazi 21 kutoka nyeupe hadi nyeusi: ngazi za mwisho zikiungana, inua vivuli kidogo na ujaribu tena. Naona ukanda huu una thamani kuliko ushauri wowote wa muuzaji.

Wakati wa masika, karatasi iliyoachwa wazi hujikunja na kukwaruzwa na kichwa cha printa, basi ihifadhi katika mfuko uliofungwa. Chapa ukurasa wa majaribio kila wiki ili vitundu vya wino visizibe. Picha iliyokamilika iache ikauke saa 24 kabla ya kuitia kwenye fremu, la sivyo mvuke wake utatia ukungu kwenye kioo.