Jinsi ya kulinganisha miamba ya kale kwa data ya ndege, kuanzia Isimani mpaka Uluguru

Wengi wakifungua ramani ya sumaku (ndege inapita juu ikipima nguvu ya sumaku ya miamba) kwa mara ya kwanza wanakimbilia rangi, hapa nyekundu na kule nyekundu, basi ni mwamba mmoja. Hapana jamani. Rangi ni mipangilio ya programu tu, ukigusa skeli zote zinageuka. Angalia sura: mistari imeelekea wapi, imebanana au imeachana, pana madoadoa au pametulia.

Mfano wa kwetu. Katikati ya Tanzania kuna kratoni, yaani kiini kigumu cha kale cha bara, miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukishuka upande wa Iringa, kule Isimani, unakuta ukanda wa miamba wa Usagara, wa kama miaka bilioni 2, na ukizidi kwenda mashariki unaingia ukanda wa Msumbiji, wa Uluguru na Usambara, uliopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi kama miaka milioni 640 iliyopita. Sasa magharibi ya ukanda huo kuna miamba ya kale iliyopikwa upya, ndo maana swali lako liwe moja tu: ile ya zamani inaishia wapi?

Data ya zamani ya nchi nzima ilirushwa mwishoni mwa miaka ya 70, mistari ya ndege kila kilomita 1, urefu kama mita 120 kutoka ardhini, ulizia GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma. Kwa mistari hiyo gridi (vile vyumba vya mraba vinavyojenga ramani) iwe na seli za mita 200 mpaka 250, chini ya hapo unajidanganya. Ukiwa na data mpya yenye mistari ya karibu karibu usiziweke pembeni kwa pembeni hivyo hivyo, kwanza ile mpya ipandishe kihesabu mpaka urefu wa ile ya zamani na uipe seli zilezile. Mimi wiki nzima nilichora ufa mmoja wa miamba umenyooka vizuri kweli, kumbe ni mshono wa bloku mbili, maeneo mawili ambayo ndege iliyapima kwa nyakati tofauti.

Halafu hapa kwetu hatuko mbali sana na ikweta ya sumaku (pale mistari ya sumaku ya dunia inapolala sambamba na ardhi), kwa hiyo kilele hakikai juu ya mwamba wenyewe, mara nyingi mwamba unaonekana kama shimo na kilele kiko pembeni. Watu wanageuza data kihesabu ionekane kama imepimwa kwenye ncha ya sumaku, ili kilele kirudi juu ya mwamba, lakini sumaku ya dunia ikiwa na mwinamo mdogo hesabu hiyo inaweza kuvuta michirizi ya kaskazini-kusini, basi weka na ramani ya analytic signal (hesabu nyingine isiyotegemea sana mwinamo) kando uone zinakubaliana wapi. Na hili wengi wanalisahau: miamba iliyolala kaskazini-kusini huku inaweza kutoa ishara dhaifu, na ukanda wa Msumbiji kwa sehemu kubwa umelala hivyohivyo! Ukiona pametulia usiseme haraka hakuna magnetaiti, yale madini yenye sumaku.

Sumaku inaona chini sana, mionzi ya gama, ambayo nayo hupimwa kwa ndege, inaona sentimita 30 au 40 za juu tu. Kwa hiyo potasiamu, thoriamu na urani zinakwambia udongo kwanza, mwamba baadaye. Mvua inapunguza mionzi hiyo, msitu wa Uluguru unapunguza, bwawa kama la Mtera linazima kabisa, na miteremko inabeba udongo wa juu mpaka bondeni. Tumia uwiano wa thoriamu kwa potasiamu kuliko namba peke yake, ila penye udongo mwekundu wa kale uwiano huo unapanda kwa sababu potasiamu imeoshwa.

Zikikubaliana sumaku na gama, chora mpaka kwa penseli. Zikikataa, panda gari. Isimani nilivunja mawe mawili meusi kando ya barabara, kwa macho ni mapacha, nikaning'iniza sumaku ndogo kwa uzi: moja likaivuta mpaka ikagonga, la pili hata haikutikisika. Bila hivyo ningeyapa jina moja. Pima vipande vingi kwa kila aina ya mwamba, siyo kimoja, andika na mahali ulipovunja.