Ukikosolewa kwa Kiingereza: lipi la kupuuza, lipi la kuogopa

Mzanzibari anapokwenda Uingereza na Kiingereza chake cha skuli, huwa kajiandaa kufokewa. Anasubiri sauti ipande na kidole kinyooshwe. Hafokewi. Bosi anatabasamu, naye anajiona kipenzi cha kazini mpaka siku anayokabidhiwa barua. Mimi kazi yangu ni kufasiri nyaraka hapa Mji Mkongwe, na barua za namna hiyo hunifikia kwa WhatsApp kutoka London, Leicester, hata Toronto: "Hebu nisomee, hivi hawa wamekasirika?" Aghalabu wamekasirika zamani.

Tuanze na maneno ya makelele, kwani hayo ndiyo mepesi. Gazeti likisema mbunge "slams" au "blasts" waziri, yaani kamshambulia kwa maneno, usimpigie simu mama Wete kumwambia serikali inaanguka. Wahariri wanayapenda kwa ufupi wake, yanaenea kwenye kichwa cha habari. Ukisoma ndani unaweza kukuta mbunge kasema tu kuwa hakubaliani. "Lambast" imetokana na maneno ya kale ya kuchapa, "excoriate" na Kilatini cha kuchuna ngozi, na leo yote mawili ni kushutumu vikali, basi. Ni maneno ya kusomwa zaidi kuliko ya kusemwa. Mtaani utasikia "have a go at", yaani kumvaa mtu kwa maneno, au "telling-off", karipio la mzazi na mwalimu. Ukiambiwa meneja kawasomea watu "the riot act", jua kawapa onyo kali la mwisho. Msemo huo unatokana na sheria halisi ya Uingereza ya 1714: ofisa aliwasomea tangazo watu 12 au zaidi waliokusanyika kwa fujo, na wasipotawanyika ndani ya saa moja waliweza kuhukumiwa kifo.

"Slate" iangalie vizuri. Muingereza akisema hoteli imekuwa "slated", imesemwa vibaya mno. Mmarekani akisema mkutano uko "slated for Monday", umepangwa Jumatatu tu. Na "quite good", ambayo kwa Mmarekani ni sifa nzuri, kwa Muingereza mara nyingi ni sifa ya shingo upande.

Ripoti nayo ikiitwa "scathing", kinachozungumzwa ni ukali wa ulimi wa aliyeiandika. Ikiitwa "damning", ni uzito wa ushahidi uliomo. Bosi wako anaweza kuikalia kimya ya kwanza. Ya pili inamtafutia mlango wa kutokea.

Sasa yale laini, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayowapoteza watu wetu, na inashangaza, maana sisi ndio wenye mafumbo. Mwanamke wa Michenzani hana haja ya kumtukana jirani yake. Anajifunga kanga yenye jina linalomfaa, anapita mlangoni mara mbili, ujumbe umefika. Kiingereza cha ofisini kisome hivyo hivyo: wacha mapambo ya pembeni, tafuta jina. "I have some concerns" maana yake kuna kosa na limeshaandikwa mahali. "I'm a little disappointed" si kidogo hata chembe. "With respect" hutangulia maneno yasiyo na heshima nyingi. Na akikwambia "Can we have a quick chat?" kisha ukamkuta na mtu wa rasilimali watu pembeni, hapo hakuna mazungumzo mafupi.

Jibu letu la adabu, kuinamisha macho na kunyamaza, huko linaweza kusomeka kama kukiri au kutojali. Uliza kwa upole: "Is this meeting formal or informal?" Kisha: "Could you give me an example?" na "Could I have that in writing, please?" Kama ni kikao rasmi cha nidhamu, sheria ya 1999 ya Uingereza inakupa haki ya kufuatana na mfanyakazi mwenzio au ofisa wa chama cha wafanyakazi, ilimradi uombe. "Final written warning" maana yake kosa jengine linaweza kukutoa kazini. "Gross misconduct" ni zito zaidi: unaweza kufukuzwa bila ya notisi.

Wanaofanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee huko England wanapaswa pia kujua ngazi za wakaguzi wa CQC, taasisi inayokagua huduma za afya na matunzo. Ziko nne, na "Requires improvement" ni ya tatu, juu kidogo tu ya "Inadequate". Wazazi nao, mtoto wa skuli ya msingi akiandikiwa "working towards the expected standard", msisherehekee kuwa yumo njiani. Hajafikia kiwango cha umri wake. "Lively" na "chatty" maana yake anapiga soga darasani.

Wenye nyumba za wageni Paje na Jambiani, mnaosimamia kwa simu kutoka mbali: mgeni akiandika "the room was a bit tired", msimjibu kumpa pole ya safari. Kilichochoka ni chumba. "Dated" ni samani za kizamani, na "basic" kwa aliyelipa bei kubwa ni lawama.

Zamu yako ya kulalamika ikifika, usifasiri hasira za soko la Darajani. "Useless" na "disgusting" humpa msomaji nafasi ya kujadili lugha yako badala ya kosa lake. "Unacceptable" ni kavu, na inakata zaidi. Andika tarehe, kilichotokea, unachotaka kifanyike, na juu kabisa weka "formal complaint", kwani bila ya hapo barua yako inaweza kuchukuliwa kuwa maoni tu. Kwa huduma za NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, huko England, kwa kawaida una miezi 12 ya kulalamika tangu jambo litokee, nao wanatakiwa wakujulishe ndani ya siku 3 za kazi kuwa malalamiko yamepokelewa. Weka nakala.