Somo: Kuchagua na kufunga televisheni janja ya chumba cha kulala

Wapendwa wanachama, nimeulizwa mara nyingi mno, kwa ujumbe wa faragha na kwa simu, ninunue inchi ngapi, aina ipi ni imara, na kwa nini picha inakwama usiku. Kwa hiyo nimeona ni heri niandike mara moja kwa utulivu, na yeyote atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Kazi yangu ni kufunga vifaa vya umeme majumbani jijini Dar es Salaam, na ninachokieleza kinahusu nyumba zetu za kawaida: chumba cha futi kumi kwa kumi au kumi na mbili, ukuta wa tofali za saruji, chandarua juu ya kitanda, na umeme unaokatika na kurudi bila taarifa. Msimamo wangu ni kwamba televisheni ya chumbani huchaguliwa ukiwa umelala kitandani na kipimo mkononi, kabla hujaingia duka lolote.

Hatua ya 1: Pima umbali. Lala kama unavyolala siku zote, kisha mwenzako apime kutoka machoni pako hadi ukuta utakaobeba televisheni. Inchi zinazotajwa dukani ni za kona hadi kona, wala si upana: inchi 32 ina upana wa takriban sentimita 71, inchi 43 sentimita 95, na inchi 55 sentimita 122. Umbali unaofaa kwa macho ni kati ya mara 1.6 na mara 2.5 ya kipimo hicho cha kona hadi kona. Kwa inchi 32 ni kati ya mita 1.3 na 2. Kwa inchi 43 ni mita 1.75 hadi 2.7, na kwa inchi 55 ni mita 2.2 hadi 3.5. Vyumba vingi ninavyoingia vinaangukia kwenye inchi 43, na vile vidogo kwenye 32.

Hatua ya 2: Chagua mfumo, yaani programu kuu inayoiendesha televisheni, kabla ya jina la kampuni. Mifumo utakayoikuta ni Google TV au Android TV, Tizen ya Samsung, webOS ya LG na VIDAA ya Hisense, na yote inafaa. Tahadhari ni kwa televisheni za bei ya chini zilizoandikwa Android kwenye boksi ilhali ndani zimewekewa toleo huria ambalo halijaidhinishwa na Google. Hizo hukubali YouTube kwa muda, lakini Netflix ama hukataa kufunguka ama huonyesha picha hafifu, na masasisho hayaji. Kitufe cha Netflix kwenye rimoti si ushahidi. Mwombe muuzaji aiwashe, uiunganishe na intaneti ya simu yako, ufungue programu unazozitumia, kisha uingie kwenye mipangilio uone nafasi iliyobaki ya kuhifadhi. Muuzaji anayekataa kuiwasha, muage kwa heshima uende duka jingine.

Hatua ya 3: Kagua milango na kioo. Milango ya HDMI, yaani ya waya unaobeba picha na sauti kwa pamoja, iwe angalau miwili, mmoja wake ukiwa na alama ya ARC (unaotoa sauti) kwa ajili ya spika ya baadaye. Bluetooth ya sauti ni ya lazima kwa chumbani, kwa sababu siku mwenzako atakapotaka kulala wewe utavaa visikilizio. Uwezo wa DVB-T2 utakusaidia kupokea kwa antena chaneli za bure zinazofika eneo lako. Zile za kulipia bado zinahitaji king'amuzi. Kuhusu kioo, vile vya aina ya VA vina weusi mzuri gizani lakini rangi hufifia ukitazama kwa ubavu, na vile vya IPS ni kinyume chake. Wanaotazama wakiwa wawili pembeni mwa kitanda wasogee kando dukani na watazame rangi ya uso wa mtu kwenye picha kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Chagua mahali. Isikae chini ya kiyoyozi, maana bomba la maji likiziba kiyoyozi hudondosha, wala isitazamane na dirisha. Anayetazama akiwa amelala chali anahitaji televisheni ya juu kidogo iliyoinamishwa, na anayeegemea mito anahitaji kitovu cha kioo kiwe usawa wa macho yake.

Hatua ya 5: Funga ukutani. Hapa ndipo televisheni nyingi hufa zikiwa bado zinanukia upya, kwa hiyo naomba msome polepole. Nyuma ya televisheni kuna matundu manne, na umbali kati yake huitwa kipimo cha VESA, kwa mfano milimita 100 kwa 100 au 200 kwa 200. Braketi lazima iwe na kipimo hicho. Skrubu zake huwa za M4, M6 au M8 kutegemea modeli, na kijitabu kilichomo ndani ya boksi hutaja unene na urefu wake. Urefu ndio unaoua. Skrubu ikizidi hata milimita chache hupita mwisho wa tundu na kusukuma bodi au kioo kwa nyuma, na unapowasha unaona mstari wa wima, doa jeusi, au giza tupu huku sauti ikitoka. Mwaka huu niliitwa nyumba moja Mbagala ambako fundi aliyetangulia alikuwa amekaza skrubu za kabati kwa drili. Tulipozitoa, moja ilikuwa na uzi wa kijani wa bodi umenata kwenye ncha. Hakuna dhamana inayolipa hilo.

Utaratibu salama ni huu: ingiza skrubu kwa vidole bila braketi hadi igome yenyewe, weka alama ya kalamu inapoishia, itoe, kisha ulinganishe sehemu iliyoingia na urefu utakaobaki baada ya kupita kwenye chuma cha braketi. Ikiwa ni ndefu, ongeza washa (kipete bapa cha chuma). Maliza kukaza kwa bisibisi ya mkono, kamwe si kwa drili. Unapoigeuza televisheni, usiilaze kifudifudi kwenye godoro, kwa sababu godoro hubonyea katikati na kioo chembamba hupinda. Iweke juu ya meza tambarare iliyotandikwa blanketi, na muibebe watu wawili mkishika fremu, bila kidole kugusa kioo. Ukutani, toboa tofali lenyewe na siyo plasta tu, tumia vishikizo vya plastiki vinavyolingana na skrubu, hakikisha kwa pimamaji kwamba braketi imelala sawa, na usitoboe kwenye mstari wa wima au wa mlalo unaotoka kwenye soketi au swichi, kwa kuwa ndiko nyaya hupita. Ukuta wa jipsamu haubebi televisheni peke yake. Lazima skrubu zifike kwenye mbao au chuma kilichomo ndani.

Hatua ya 6: Umeme. Weka kilinda umeme chenye kuchelewesha kurudi kwa umeme baada ya kukatika.

Hatua ya 7: Washa na upange. Televisheni ikikuuliza iko dukani au nyumbani, chagua nyumbani, kwa sababu hali ya duka huwasha mwanga wote na kurudisha mipangilio yake hata ukiibadilisha. Unganisha Wi-Fi, sasisha mfumo, kisha chagua picha ya sinema yenye rangi ya joto, zima ulainishaji wa mwendo, punguza mwanga wa nyuma kwa ajili ya usiku, na uweke kipima muda wa kujizima. Ingia pia kwenye mipangilio ya faragha uzime utambuzi wa maudhui, ambao huitambua picha iliyoko kwenye kioo na kupeleka taarifa kwa kampuni. Mwaka 2017 kampuni ya televisheni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za namna hiyo bila ridhaa ya watazamaji. Kama kuna maikrofoni, izime pia; hiki ni chumba cha kulala. Wenye bando la kipimo wakumbuke kwamba Netflix hutumia takriban GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, hadi GB 3 kwa HD na hadi GB 7 kwa 4K, ambayo ni picha kali zaidi, na kiwango hicho hupunguzwa kwenye akaunti.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimeshanunua inchi 55, chumba changu ni kidogo. Itafaa?

Jibu: Hujataja kipimo hata kimoja. Rudi hatua ya 1, pima, kisha uniandikie.

Swali: Shikamoo fundi. Niko Morogoro. Simu yangu inapata intaneti safi kabisa nikiwa kitandani, lakini televisheni iliyo mita mbili kutoka kwangu inakwama kila jioni. Ruta iko sebuleni. Nimejaribu kuizima na kuiwasha bila mafanikio, na ningependa kuelewa sababu yenyewe.

Jibu: Marahaba, na asante kwa kueleza vizuri. Huenda vifaa hivyo viwili havitumii njia moja. Televisheni nyingi za bei nafuu zina masafa ya 2.4 GHz pekee, ilhali simu yako pengine inatumia 5 GHz. Masafa ya 2.4 GHz hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini jioni ruta za majirani wote huongea humo humo, na ndani yake njia (channel) zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Isitoshe, antena ya televisheni iko nyuma, imebanwa kati ya kioo na tofali. Ingia kwenye ruta ubadilishe njia kati ya hizo tatu na ulinganishe saa ya jioni, kisha uinue ruta juu ya kabati. Isipotosha, vuta waya wa mtandao hadi chumbani. Hata mlango wa waya wa Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) unatosha, kwani Netflix wenyewe hupendekeza Mbps 15 kwa 4K. Tafadhali rudi utuambie njia ipi imekufaa.

Swali: Mnawatisha watu bure. Mimi nimefunga yangu kwa misumari ya inchi nne tangu mwaka juzi na haijaanguka.

Jibu: Ndugu, sikuandika ili kumtisha mtu. Msumari hushikiliwa na msuguano tu, na kila unapoiinamisha au kuigeuza braketi unaulegeza kidogo. Kama chini yake analala mtoto, nakuomba uufumue mfungo huo leo.

Swali: Kaka yangu yuko Minnesota, Marekani, anataka kuweka televisheni ya inchi 50 kwenye kontena la mizigo. Anasema huko bei ni rahisi. Nimkubalie?

Jibu: Kabla hajalipa, asome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V, 50/60Hz, umeme wetu wa volti 230 hauna tatizo. Kikisema 120V peke yake, ukiichomeka hapa moja kwa moja utaunguza sehemu ya umeme, na utalazimika kununua transfoma. Pia Marekani hutumia mfumo wa ATSC kwa matangazo ya antena, kwa hiyo haitashika chaneli zetu bila king'amuzi kupitia HDMI. Ukijumlisha usafiri na ushuru, mara nyingi utakuta ya Kariakoo ina nafuu, na dhamana yake iko karibu.

Swali: Mimi natazama nikiwa ndani ya chandarua na picha inakuwa kama ina ukungu. Je, ni kioo kibovu?

Jibu: Kioo ni kizima, dada. Nyuzi za chandarua cheupe zikipigwa na mwanga kutoka upande wako hung'aa zenyewe na kuifunika picha. Zima taa iliyo upande wa kitanda na uweke taa hafifu nyuma ya televisheni, ikimulika ukuta. Chandarua cha bluu au kijani iliyokolea huzuia picha kidogo kuliko cheupe. Ila usikifunue ili uone vizuri. Mbu hangoji filamu iishe.

Mchangiaji: Naomba kuongeza kwa wenzangu. Dawa ya mbu ya kupuliza isielekezwe kwenye kioo, hubaki utando. Mimi hufuta kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo kwa maji, televisheni ikiwa imezimwa na kupoa.

Jibu: Ni sahihi kabisa. Msitumie spiriti wala dawa ya kusafishia madirisha, huharibu utando wa juu wa kioo. Na kwa kuwa umegusia wadudu, mijusi hupenda joto la nyuma ya televisheni, na mmoja akigusa bodi anaweza kuiunguza. Tundu la ukutani la kupitishia nyaya lizibwe. Matundu ya hewa ya televisheni yasizibwe kamwe.

Swali: Tuko kijijini Kigoma, tuna sola yenye betri moja ya asidi ya volti 12, Ah 100. Inchi 43 itadumu muda gani?

Jibu: Betri hiyo ina takriban saa-wati 1,200 (volti 12 mara Ah 100), lakini ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Inveta hula sehemu yake. Tukikadiria asilimia 15, zinabaki kama 510. Televisheni ya wati 80 itakwenda saa sita na kidogo, bila taa wala simu. Ukipunguza mwanga wa nyuma kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 7 matumizi hushuka, na inchi 32 ya wati 40 itakupa karibu mara mbili ya muda huo. Nunua inveta ya wimbi safi (pure sine wave), na uangalie wati zilizoandikwa nyuma ya televisheni yako mwenyewe kabla ya kutumia hesabu yangu.