Mafuta ya kula kwenye cheni ya chensoo: weka, ila usiyaache yalale humo

Kila ukifika wakati wa kupogoa miti hili swali linarudi, je naweza kuweka mafuta ya kula kwenye chensoo badala ya oili ya cheni? Unaweza, na kwa afya ya shamba lako na ya mapafu yako mi naona ni bora mara nyingi kuliko vile vitu watu wamezoea kumimina humo. Ila kuna jambo moja usipolijua utakuja kunilaumu baada ya miezi miwili: mafuta ya kula hayasumbui mashine ikiwa inakata, yanaisumbua ikiwa imelala stoo. Soma kwanza mpaka mwisho ndo uende jikoni.

Elewa hiyo oili inaenda wapi. Kwenye injini ya gari oili inazunguka na kurudi, unaimwaga ikichoka. Kwenye baa ya chensoo, lile bapa refu la chuma ambalo cheni inalizunguka, hairudi kabisa, pampu inaisukuma kwenye kitundu kidogo kwenye baa, cheni inaibeba kwenye mfereji, ikifika kwenye pua ya baa inarushwa, mana cheni inakimbia kama mita 20 kwa sekunde au zaidi, halafu basi, imeishia kwenye maranda, kwenye udongo, kwenye majani, kwenye nguo zako na nyingine umeivuta puani ikiwa ukungu. Mashine ya kawaida inamaliza karibu tangi zima la oili kwa kila tangi moja la petroli. Sasa hesabu mwenyewe, ukikata siku nzima ukajaza mara nane, tangi la oili likiwa robo lita hivi, umemwaga karibu lita mbili za oili chini ya miti yako. Kama ni karibu na kisima, mto au bustani ya mboga, hizo lita mbili zina maana sana. Austria waliliona hili mapema, oili za cheni zisizooza zimepigwa marufuku kule tangu 1992.

Hapo ndo nakasirika na habari ya oili chafu, ile iliyotolewa kwenye injini ikiwa imechoka. Najua inapatikana bure na najua watu wanakata nayo miaka na miaka, lakini jamani ile oili imejaa unga wa chuma, masizi na kemikali zinazosababisha kansa, na wewe unairusha hewani nusu mita kutoka usoni kwako, inakulowesha mikono na mapaja kutwa nzima. Na hata mashine yenyewe haipendi, ule unga wa chuma unasaga pampu na mfereji wa baa taratibu taratibu. Kama umechukua kitu kimoja tu kwenye maandishi haya basi kiwe hicho, oili chafu iache.

Turudi kwenye mafuta ya kula. Kwenye kulainisha yenyewe yako vizuri kuliko watu wanavyodhani, yanashika chuma vizuri, yakipata moto hayawi mepesi haraka kama oili inayotokana na mafuta ghafi, na hayawaki kirahisi. Yakidondoka chini wadudu wa udongo wanayala na sehemu kubwa inaoza ndani ya wiki chache. Udhaifu wake ni kwamba hayanati. Oili ya cheni ya dukani imewekewa kitu cha kuifanya ivutike kama utomvu ili isiruke yote pale kwenye pua ya baa, mafuta ya kula hayana hicho kitu na pia ni mepesi zaidi, kwa hiyo yanaruka haraka na upande wa chini wa baa unaweza kukauka hasa kama baa yako ni ndefu au unakata gogo gumu lililokauka.

Dawa yake ni kuongeza mtiririko. Mashine nyingi zina skrubu ndogo ya pampu ya oili, mara nyingi iko upande wa chini, izungushe kidogo kwa bisibisi injini ikiwa imezimwa kisha jaribu. Kujaribu ni rahisi, elekeza pua ya baa kwenye kisiki cheupe au boksi, uache nafasi ya kiganja kimoja, cheni isiguse kitu, piga resi ya kati sekunde kadhaa, lazima uone mstari wa mafuta unajichora. Usipouona usikate, zima, toa baa, safisha kile kitundu na mfereji kwa waya mwembamba. Na kila ukijaza petroli jaza na oili, usisubiri. Ukikuta petroli imeisha na oili bado iko nusu ujue pampu haileti, na ikiwa oili inaisha kabla ya petroli rudisha skrubu kidogo, mana utakuja kukata kavu bila kujua. Baa ikianza kubadilika rangi kuwa bluu au cheni ikitoa moshi wakati imenolewa vizuri, hapo umeshachelewa kidogo, acha ipoe.

Mafuta gani sasa? Hapa watu wengi wanakosea wakidhani mafuta yote ni sawa. Unataka yale yasiyokauka haraka, kanola ndo yanatumika sana kwa kazi hii, mzeituni yanafaa ila ni kupoteza mafuta mazuri, karanga pia si mabaya. Alizeti ya kawaida, soya na mahindi yanafanya kazi lakini yanageuka gundi mapema kwa hiyo ni ya kutumia na kutoa siku hiyo hiyo. Mafuta ya kitani usithubutu, hayo ndo mafundi wanapaka kwenye mbao ili yakauke yawe ngozi ngumu, na ndivyo yatakavyokauka ndani ya pampu yako. Nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi na mawese yanaganda hata kabla ya hapo, asubuhi yenye baridi pampu haivuti kitu. Mafuta yaliyokwisha kaangia nayo yaache, yana chumvi, maji na makombo hata ukiyachuja, yatakuletea kutu na kuziba chujio.

Na tafadhali, haya ni ya tangi la oili ya cheni tu. Kwenye petroli unaendelea na oili yako ya tuustroki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, usichanganye mambo ukaja kuua pistoni.

Sasa ule ulalaji niliousema. Mafuta ya mimea yakikaa na hewa yanaungana yanakuwa kama lami ya njano, utaona kwenye kona za sufuria ya kukaangia, ni kitu kile kile. Ukiiacha mashine wiki kadhaa ikiwa na mafuta hayo utakuta cheni imegandana na baa, viungo havipindi, na ndani pampu imeshikwa. Mashine nyingi zina gia ndogo ya plastiki inayoendesha pampu, ukiiwasha kwa nguvu hivyo hivyo ile gia inakatika meno na hapo unatafuta spea. Kwa hiyo kama huikati tena ndani ya siku chache, mwaga mafuta ya tangi yote, weka oili kidogo ya cheni ya dukani, iendeshe dakika moja mpaka itoke kwenye baa, kisha toa cheni na baa, futa, paka oili hiyo hiyo. Kama una oili ya mimea iliyotengenezwa maalumu kwa cheni, hiyo imewekewa dawa ya kuzuia kuganda na inavumilia zaidi, ila na yenyewe si ya kuacha mwaka mzima.

Kama tayari imeshaganda usiwashe. Toa cheni uiloweke kwenye mafuta ya taa usiku mzima mbali na moto, isugue kwa brashi ngumu, kwangua mfereji, safisha eneo la klachi ambako ule uchafu unajazana na maranda, na tangini weka oili nyepesi kidogo uache ilainishe kabla ya kujaribu pampu.

Vitambaa ulivyofutia usivifinyange ukavirundika kwenye kona ya stoo, mafuta yanayokauka yanatoa joto na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe, vitandaze nje vikauke kimoja kimoja. Na dumu la mafuta lifunge vizuri, panya wanalipenda.